Pango la Noeli Kwenye Shimo la Ndizi

Jumatatu, 15 Desemba 2025

Pamba! Pamba ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, imetandazwa juu ya mti wa plastiki sebuleni kwa mkwe wangu kule Kiruruma, na mjukuu wangu ameambiwa ni theluji. Theluji, Karagwe! Mimi Rogasian nimezaliwa Kanoni, nimezeekea Kanoni, sijawahi kuona theluji hata kwa bahati mbaya. Na taa juu yake. Za kijani, nyekundu, buluu, zinawaka na kuzimika kama baa ya Omurushaka.

Na mimi nimefanya nini? Nimekaa kwenye kochi, nimeshika soda kwa mikono miwili, nimesema mti umependeza sana, Mama Placidia. Ningefanyaje? Mkwe ni mkwe. Huwezi kwenda nyumbani kwa mkwe ukamwambia mti wake ni takataka. Akasema asante sana, Baba Mugisha, karibu senene. Nikala senene. Zilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Nilikwenda kumchukua Edith. Ana miaka tisa, mtoto pekee wa mwanangu Mugisha na mkewe Placidia, binti wa huyo mama. Wazazi wamebanwa na kazi Mwanza, mtoto ameletwa likizo. Mugisha kapiga simu na amri yake: Edith atakaa kwetu kwanza, lakini siku ya Noeli yenyewe atachagua mwenyewe ale wapi, Kanoni au Kiruruma. Mtoto achague! Sisi utotoni tulichagua nini? Mwaka jana alichagua Kiruruma, tena bila kufikiri. Mimi na mke wangu Adelgunda tulikula kuku mzima wawili tu, tunatazamana.

Humu hakuna anayesoma, kwa hiyo nasema wazi: iliniuma. Inaniuma mpaka leo. Mtoto huyu ananijua kama sauti ya kwenye simu inayomwambia asome kwa bidii. Nikifa atakumbuka nini? Salio kukatika?

Basi mwaka huu hapana. Nitamfundisha Noeli ya kwetu, tuliyoitengeneza kwa mikono yetu wenyewe. Tuone kama pamba itafua dafu.

Jumanne, 16 Desemba

Nimeanza na mpira. Utotoni mwetu hakuna Noeli bila mpira mpya wa majani ya mgomba. Unakunja majani makavu, unaviringisha, unafunga kamba za mgomba, unaviringisha tena, unafunga tena. Kazi ya dakika chache.

Imekula asubuhi nzima. Edith amekaa kwenye gogo akinitazama kwa adabu, mikono magotini, kama mtu aliyepelekwa hospitali kumwona mgonjwa. Nimemsimulia jinsi mpira wangu ulivyokuwa ukitamaniwa kijiji kizima. Akaniuliza unajazwa upepo wapi. Nikamwambia haujazwi upepo. Akaniuliza, sasa unadunda kwa nini? Nikamwambia haudundi sana. Akasema aa.

Ulipokamilika ulikuwa na umbo la kiazi. Nimempa heshima ya kuupiga teke la kwanza. Mpira ulibaki palepale, majani ndiyo yaliyoruka. Kuku wakakimbia. Adelgunda alikuwa mlangoni akimenya matoke, na nimeona kabisa mabega yake yakitikisika.

Tatizo ni migomba. Migomba ya siku hizi haina kamba ya maana. Magonjwa yamemaliza kila kitu. Nimemweleza Edith hivyo kirefu, naye akasema pole babu. Pole! Mimi nimehitaji pole tangu lini?

Jumatano, 17 Desemba

Nyota! Niliisahau nyota! Sisi tulibeba nyota ya matete juu ya mti mrefu, tukapita nyumba kwa nyumba tukiimba, tukipewa karanga na ndizi mbivu. Mti gani wa plastiki unaweza kutembea nyumba kwa nyumba?

Nimeshuka bondeni kukata matete. Nimerudi na matete na ruba mguuni. Fremu imetoka vizuri, pembe tano, moja kidogo imelegea. Ya kufunikia nikakuta kitambaa chekundu kizuri kimekunjwa sandukuni, hakina kazi.

Kumbe kina kazi. Kumbe ni sare mpya ya kwaya ya Adelgunda, ilikuwa ikisubiri fundi. Nimemweleza kwamba kimetumika kwa ajili ya Bwana. Akasema hata kwaya inaimba kwa ajili ya Bwana, na kwamba sasa yeye peke yake ndiye atakayemwimbia Bwana akiwa amevaa ya mwaka juzi iliyombana. Mchana nimepewa kiporo. Wageni wawili wamepita, nao wakapewa chakula cha moto mbele yangu.

Edith ameisifu nyota. Kisha akauliza inawaka saa ngapi. Nikamwambia haiwaki, inang'ara kwa imani. Akasema ya kwa bibi inawaka.

Alhamisi, 18 Desemba

Edith ameomba simu aongee na bibi yake wa Kiruruma. Nimempa, nikaenda kufagia jirani na dirisha. Sikusikiliza. Nilifagia tu kwa muda mrefu.

Alicheka! Kwangu tangu Jumatatu anatabasamu tu, kule kwenye simu anacheka mpaka anakohoa. Simu iko kwenye spika, Mama Placidia anamwambia wanakata kadi za karatasi za kumetameta, amemwekea mkasi wake na gundi yake. Eti atakuja kumchukua tarehe ishirini na nne jioni, iwapo Edith ataamua hivyo. Iwapo! Mwanamke ana biashara ya vitenge Kayanga, amekuja toka Muleba kuuza vitenge, anajua sana kumfanya mteja adhani kitambaa kakichagua mwenyewe.

Edith akamwambia kwa babu ni pazuri pia. Pia! Nimevunja mpini wa ufagio.

Sasa nakwenda kwenye kitu kikubwa. Mpira na nyota ni vya kuanzia tu. Nitajenga pango la Noeli. Si la maboksi kama wanavyofanya watu wavivu. Pango hasa, la udongo, mtoto aingie ndani kwa miguu yake.

Ijumaa, 19 Desemba

Mungu ni mwema. Pango lipo tayari!

Nyuma ya nyumba, pale mteremko unapoanzia, kuna shimo la Adelgunda la kuivishia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kina chake kiunoni, pana, kuta zimenyooka, limechimbwa ndani ya kingo kabisa. Ukilitazama kwa kuinama kidogo ni Bethlehemu tupu. Kasoro yake ni moja: lina ndizi. Adelgunda alizipanga juzi, akazifunika kwa majani na udongo, akaacha tundu la kupitishia moshi wa kuziivisha. Ndizo za rubisi ya Noeli. Amealika jumuiya yetu yote, na kila mwaka watu wanakuja kwetu kwa ajili ya rubisi hiyo, wala hawafichi.

Nimetafakari sana. Ndizi ni ndizi. Zinaiva sokoni, zinaiva kwenye malori, zinaiva juu ya meza. Nani alisema lazima zikae shimoni? Huku kuganda kwenye mazoea ndiko kunakoturudisha nyuma.

Adelgunda alipokwenda mazoezi ya kwaya nimehamisha mikungu yote, nimeipanga kwenye banda la zamani la mbuzi, nikaifunika magunia. Mgongo umekatika. Kisha nikamwambia asihangaike tena na moshi, nitachochea mwenyewe mpaka siku ya kukamua. Katika ndoa yetu yote sijawahi kujitolea kuchochea moto. Akasema labda kweli Majilio yamenigusa. Nikasema yamenigusa.

Jumamosi, 20 Desemba

Siku yangu! Nimemshusha Edith shimoni asubuhi, na watoto wa jirani wanne wakashuka nyuma yake bila kuitwa, nikawaapisha wote wasimwambie Adelgunda, aliyekuwa kwaya tangu asubuhi. Tumeezeka kwa fito na majani makavu ya migomba. Nimewaonyesha kufuma mkeka mdogo wa kamba za mgomba wa kumlaza Mtoto. Umetoka kama kiota, lakini Mtoto hatalalamika.

Halafu udongo wa bondeni. Ng'ombe! Sisi tulifinyanga ng'ombe wa pembe ndefu, si haya makondoo ya kwenye kadi. Edith alifinyanga ulimi ukiwa nje, matope mpaka kwenye nywele, na hakutaja Kiruruma hata mara moja tangu chai mpaka chakula cha mchana. Nilikuwa nahesabu.

Ng'ombe wangu mtoto mmoja amemwita mbwa. Nimemwelekeza upya. Akasema sawa, mbwa mwenye pembe. Ndiyo malezi ya siku hizi.

Edith ameniuliza kama babu na yeye alikuwa mdogo kiasi chake alipoanza kufinyanga. Nikasema ndiyo. Akaegemea bega langu, na matope yake yote. Shati sitalifua.

Jumapili, 21 Desemba

Baada ya misa nimewatangazia watu kwamba Noeli waje waone pango ambalo halijapata kuonekana Kanoni, ila mahali lilipo ni siri mpaka siku yenyewe. Watu wamefurahi. Ambrose, jirani yangu ambaye kila mwaka ndiye hutukanyagia ndizi, akauliza rubisi je. Kila mtu akageuka kusikiliza. Nikajibu kwa sauti kwamba rubisi itakuwa ya kihistoria.

Adelgunda ameuliza moshi unaendaje. Nimesema vizuri sana. Akasema mbona hauonekani ukitoka. Nikamwambia moshi mzuri hautoki, unakaa na ndizi.

Jumanne, 23 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nina hasira na Ambrose.

Tulikubaliana aje saa nne kukamua, nami nilikuwa nimepanga kuzirudisha ndizi shimoni saa tatu, mtu asijue. Amekuja saa mbili! Mtu mzima hawezi kutunza muda! Amekwenda na Adelgunda moja kwa moja shimoni, wakafunua majani, wakakutana na Mtakatifu Yosefu wa udongo, Maria, ng'ombe saba na nyota nyekundu ya kitambaa cha kwaya.

Ambrose alivua kofia. Adelgunda hakuvua kitu. Aliita jina langu lote, na la ubatizo, na la baba yangu. Edith akatoka mbio akidhani kuna nyoka.

Nikawapeleka kwenye banda la mbuzi kwa heshima zote. Nikafunua magunia. Ndizi zilikuwa kijani. Si kijani kidogo. Ngumu, baridi, zimenuna kama wenye nyumba. Chache zilikuwa na manjano upande mmoja. Ambrose alibonyeza moja, akabonyeza ya pili, akasema kwa upole kwamba hapa hata tembo akikanyaga halitoki tone. Akachukua majani yake ya kukamulia akaondoka, na najua kabisa amepitia nyumba zote.

Noeli bila rubisi. Jumuiya nzima inakuja. Adelgunda amekaa kwenye kizingiti akasema watu watasema nini, na machozi yakamtoka. Nikamwambia wataona pango. Hilo halikusaidia.

Kisha amefanya usaliti ambao sikuutegemea. Amempigia simu Mama Placidia, amemweleza yote kwa Kihaya na kwa kirefu, akamwomba atuokoe na kreti za soda. Soda ya adui, mezani kwangu, Noeli! Na Edith kaniuliza polepole kama kesho bibi akija, babu atakasirika yeye akienda naye. Nikamwambia babu hakasiriki. Nikatoka nikakata kuni ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Jumatano, 24 Desemba

Mvua. Mvua toka asubuhi, mvua ya kukusudia! Adelgunda ametandaza nyasi mpya sakafuni kama kila mkesha, nyumba nzima inanukia, na huko nyuma ya nyumba Bethlehemu yangu inajaa maji.

Mama Placidia amefika alasiri na bodaboda mbili, moja yake, moja ya kreti. Amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kanoni, Desemba! Edith alikuwa ameshafunga begi. Begi dogo la bluu, limesimama mlangoni, na mimi nimelitazama begi lile nikaona Noeli yangu imekwisha.

Nikasema hapana. Kabla ya kuondoka, Mama Placidia, kwa hisani yako, karibu uone pango. Akasema mvua, Baba Mugisha. Nikasema ni hatua chache tu. Nikatangulia mwenyewe, mkono mmoja nimenyoosha kama mwongoza watalii, nikawa nawaambia kwamba Noeli ya kweli haitoki dukani, inatoka kwenye ardhi yenyewe.

Ardhi yenyewe ikaondoka.

Nimetumbukia mzima mzima. Paa limenifuata. Nilipoibuka nilikuwa na nyota shingoni na ng'ombe wangu mmoja ndani ya shati. Halafu nikasikia Edith. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Mama Placidia alijizuia kwa ajili ya heshima, namwona, shavu linamtetemeka, mtandio mdomoni, kisha akashindwa, akacheka kwa sauti ya soko zima. Adelgunda alikuja akidhani nimekufa. Alipoona sijafa akaanza kucheka na yeye, ndiyo mara ya kwanza tangu jana.

Hakuna aliyenipa mkono!

Edith akaacha ghafla. Akasema ng'ombe wake wanayeyuka. Na kweli, walikuwa wanaelea miguu juu, wanageuka uji. Midomo ikaanza kumcheza. Na hapo Mama Placidia, mwenye mti wa plastiki, mwenye pamba, akavua viatu vyeupe, akafunga kitenge kiunoni, akashuka shimoni kwangu. Akachota udongo kwa mikono miwili, akauminya maji, akaukanda. Ng'ombe akatoka. Hivi hivi! Mgongo, nundu, pembe ndefu zimepinda kama inavyotakiwa, hata kamkia. Akampa Edith, akaanza wa pili.

Eti Muleba utotoni ndiyo ilikuwa kazi yake. Eti watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimletea udongo kila Desemba. Nimemuuliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, sasa ule mti wa nini? Akasema aliupata kwa mteja, naye alidhani watoto wa Mwanza hawapendi matope. Alidhani! Wiki nzima nimepigana na mtu aliyekuwa upande wangu, tena fundi kunishinda! Huo ni udanganyifu.

Walifinyanga mpaka giza lilipoingia, Edith katikati, mabibi wawili pembeni, mimi nikishikilia mwavuli juu yao kama mtumishi. Bodaboda walipoitwa walisema barabara ya Kiruruma haipitiki. Edith akaingia ndani, akafungua begi lake la bluu, akatoa nguo kavu. Akasema basi tunakula wote hapa.

Nimekanyaga nyasi zote za Adelgunda kwa matope. Hajaniambia kitu. Naogopa.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Jumuiya imekuja yote, na kila mtu aliangalia kona inapokaaga rubisi, kisha akaniangalia mimi. Ambrose alishika soda yake kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa dawa. Adelgunda aliimba na sare ya kubana, na nilimsikia akiimba sauti ya juu kwa nguvu kupita kawaida pale kwenye maneno ya amani kwa watu wenye mapenzi mema.

Ng'ombe walikuwa wamekaushwa jikoni usiku kucha, wamepangwa dirishani. Watu wamesimama pale wakistaajabu. Mzee mmoja akasema kweli Rogasian una mikono. Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, mtu akisifiwa siku ya Noeli si vizuri kumkatisha. Edith akapaza sauti kwamba hao ni wa bibi wa Kiruruma, wa babu ni yule mbwa.

Ijumaa, 26 Desemba

Mugisha amepiga simu asubuhi. Amemuuliza Edith Noeli ilikuwaje, na ni kitu gani kilimfurahisha kuliko vyote. Nilikuwa nafagia jirani na dirisha.

Edith akasema, bila kufikiri, kwamba kilichomfurahisha kuliko vyote ni babu kutumbukia kwenye pango.

Pango! Nimesikia kwa masikio yangu. Si mti. Si taa. Si kadi za kumetameta. Hata ng'ombe wa Mama Placidia hakuwataja! Mtoto ameulizwa jambo moja kuu la Noeli nzima, akataja jina langu na kazi yangu katika sentensi moja. Akaongeza kwamba Pasaka anataka aje tena, na bibi wa Kiruruma ahamie huku kabisa kwa likizo nzima. Adelgunda na Mama Placidia wamekubali hapo hapo, bila kuniuliza, na sasa wako jikoni wananong'ona na kucheka. Wacheke. Aliyeshinda anajulikana.

Ila Pasaka siwezi kurudia pango. Lazima nipande juu zaidi. Nimewaza toka chai, nimepata: Jumapili ya Matawi. Edith ataingia kanisani juu ya punda, mimi nimeshika kamba, Mama Placidia nyuma na viatu vyake vyeupe akitandaza matawi. Nimempigia Hagenimana wa kule Kyerwa, ambaye ana punda na amehangaika mwaka mzima kumpata wa kumchukua. Eti anauma. Anauma kwa sababu hajapata mtu wa kumwelewa. Nimemwambia amlete kesho, tuzoeane mapema.

Adelgunda hajaambiwa bado. Punda nitamfunga nyuma ya nyumba, katikati ya maharage ya Adelgunda, pana kivuli. Punda hali maharage.